Usimpeleke Ulgarth

Kelber, Jumapili, 7 Septemba 1986

Dada Thora,

Salamu zikufikie hapo kwenye kiti ulichofungiwa. Mguu unaendeleaje? Plasta bado inakuwasha? Na mwanao Rosalind anakuja kukupikia kama alivyoahidi, au anakuachia mikebe ya supu tu? Mimi mzima, ila mafua ya njiani.

Nyumba ni ileile. Bi Alderson ametuachia mayai, mkate na chupa ya maziwa mlangoni, kama kila mwaka. Neno lake la kwanza lilikuwa, “Mkubwa wako yuko wapi?” Nikamwambia umeteleza kwenye ngazi za maktaba ukavunjika kifundo. Akasikitika kweli, kisha akamtazama Beryl toka juu mpaka chini, unajua anavyotazama yule mama. Beryl akamshika mkono, akamwambia, “Mimi ndiye spea, mama. Gurudumu limepasuka, nimefungwa mimi.” Bi Alderson akacheka mpaka akashika mlango. Miaka kumi na moja tumekodi hapa, hata meno yake sikuwahi kuyaona.

Beryl amelala kitanda cha dirishani. Najua ni chako, lakini anakoroma, na kule dirishani sauti inapungua.

Jana tulipofika, siku hiyohiyo tulikwenda Skarby, leo baada ya kanisa Gunnerby. Kwa gari ni dakika kumi na mbili, Thora! Wewe na mimi tulikuwa tunatembea nusu siku, tukifika tumechoka hata kanisa hatulitazami vizuri. Pale Gunnerby darajani yule mzee wa kofia, asiyewahi kujibu salamu yetu, Beryl alimuuliza kama mbwa wake ameoa. Wakazungumza saa nzima. Tumeambiwa nani alijenga daraja, nani alianguka kutoka darajani, na mke wa nani alimsukuma.

Nakukumbuka sana. Kula, upone.

Mdogo wako,
Enid


Halifax, Jumanne, 9 Septemba 1986

Mdogo wangu Enid,

Barua yako nimeipata asubuhi, nikaisoma mara mbili, mara ya pili bila miwani kwa sababu hasira ilinitosha kuona. Hujambo? Mafua ni ya dirisha la gari. Sisi tulipokuwa tunatembea hukuwahi kupiga chafya hata moja.

Mimi naendelea. Rosalind anakuja jioni. Usijisumbue kwa ajili yangu, naona una mengi ya kutazama.

Niseme tu moja. Kijiji hakitazamwi kwa dakika kumi na mbili. Kijiji unakiingia kwa miguu, unapita ukuta baada ya ukuta, kondoo wanakujua kabla ya watu. Hilo nilikufundisha mimi. Na yule mzee wa Gunnerby hakuwa anatunyima salamu, alikuwa anatuheshimu. Kuna watu wanaojua kwamba wanawake wawili wakinyamaza wanafurahia njia. Hao si wa kuulizwa habari za mbwa kuoa.

Kitanda changu umempa. Mzee wa darajani umempa. Bi Alderson naye kapewa. Ama kweli, mla ni mla leo, mla jana kala nini. Na hayo ni ya siku mbili tu. Mpaka Jumamosi sijui nitabakiwa na kikombe gani. Jirani yangu kaniuliza kama nimekasirika, nimemwambia sijakasirika. Kanitazama na sufuria niliyokuwa nimeishika, akaenda zake.

Mzungushe Beryl wako kokote, mpeleke hata mwezini kama petroli inatosha. Ila usimpeleke Ulgarth. Tuliahidiana siku tuliyomzika Mama, mimi na wewe peke yetu, kwamba nyumba aliyozaliwa tutakwenda kuitazama pamoja. Mgeni hana chake pale.

Dada yako,
Thora


Kelber, Jumatano, 10 Septemba 1986

Dada Thora,

Naomba Mungu akupunguzie maumivu, kwani nadhani ndiyo yaliyoandika barua ile. Mafua yangu yamepona.

Nilikuwa sijawaza habari za Ulgarth hata kidogo. Umenikumbusha wewe. Tangu asubuhi leo nimekaa na ramani mapajani nikijiuliza kwa nini sijawahi kukanyaga kijiji kilicho maili nane kutoka kitanda ninacholala kila Septemba. Kisha nikaanza kuhesabu. Mwaka wa kwanza ulisema mvua. Mwaka wa pili daraja limebomoka. Mara viatu vinakubana, mara umesikia kuna ugonjwa wa ng’ombe, hawataki wageni. Mwaka juzi tulifika hadi njia panda, nikakiona kibao kwa macho yangu, ukasema kichwa kinakuuma, tukarudi. Mimi nikakusugua paji la uso njia nzima.

Nina miaka hamsini na mbili, Thora. Mama alituambia kwao hakuna mtu, wamekufa wote. Naenda kuona mawe tu. Kuona mawe kunahitaji kifundo cha nani?

Na Beryl si mgeni. Miaka ishirini tumesimama mashine moja, na siku kiwanda cha sufu kilipofungwa tulilia kwenye kitambaa kimoja. Wewe siku ile uliniambia angalau sasa nitapata nafasi ya kufagia kwangu.

Kesho asubuhi tunakwenda. Nitakuletea jani la pale.

Mdogo wako,
Enid


Halifax, Alhamisi, 11 Septemba 1986

Enid mpenzi,

Posta ya asubuhi imeniletea barua yako sasa hivi, naandika hata chai sijanywa. Rosalind ataikimbiza sandukuni.

Usiende. Nimekosea kukusema, nisamehe, kitanda alale Beryl, alale miaka yote. Ngoja tu mguu upone. Mwezi ujao nitakodi gari mimi mwenyewe, twende na huyohuyo Beryl ukitaka, nitakaa kiti cha nyuma na sitafungua mdomo. Lakini usitangulie. Mambo mengine mtu anatakiwa ayasikie kwa dada yake kwanza.

Kama barua hii imekukuta mlangoni mkiwa na makoti, vueni makoti.

Dada yako akupendaye,
Thora


Kelber, Ijumaa, 12 Septemba 1986

Thora,

Sitakuuliza hali leo.

Barua yako imefika asubuhi hii, na sisi tumetoka Ulgarth jana. Nakueleza yaliyotokea kwa utaratibu, ili usije ukasema nilielewa vibaya.

Ni nyumba saba, kanisa dogo na birika la kunyweshea farasi. Beryl aliegesha gari karibu na birika. Mwanamke mzee sana alikuwa anaanua nguo kwenye kamba mbele ya nyumba ya mwisho. Nikasogea nimuulize ipi ilikuwa nyumba ya kina Raine, kwao Mama. Alipogeuka, vibanio vikamwanguka vyote.

“Annis?” akasema.

Nikamwambia, “Annis alikuwa mama yangu. Alifariki mwaka sabini na nne.”

“Najua alifariki,” akasema. Akakaa chini juu ya kikapu cha nguo, shuka mbichi mkononi. “Kwa hiyo wewe ndiye Enid. Yule aliyekataa.”

“Nilikataa nini, mama?”

“Kuja. Dada yako amenieleza zamani. Sikulaumu, mwanangu, baba yetu alimfanyia mama yako vibaya. Lakini mimi ni mama yako mkubwa, nilisema labda miaka ikipita utalainika.”

Thora, nilisimama pale kama mwizi aliyekamatwa na mali asiyoijua. Mama ana dada. Yuko hai. Anaitwa Hephzibah, ana miaka themanini na sita, na ana masikio ya Mama. Nawe umemjua tangu Machi ya mwaka sabini na tano, kabla hata hatujakodi hapa mara ya kwanza. Kumbe Pasaka zote za “nakwenda kwa Rosalind” zilikuwa huku! Kumbe kichwa cha njia panda kilikuwa kinauma kweli!

Alituingiza ndani, akatupa chai na keki ya matunda na kipande cha jibini juu yake, kama alivyokuwa akila Mama. Juu ya rafu ya meko kuna picha. Wewe na kofia ya bluu. Wewe na yeye mlangoni. Rosalind siku ya harusi yake. Hiyo ya harusi nikaiona nyembamba, nikaishika. Imekatwa kwa mkasi upande mmoja. Begani mwa Rosalind kumebaki mkono wa mtu. Mkono huo ni wangu, Thora. Nimeujua kwa saa.

Nikamuuliza mama mkubwa, “Huyu wa pembeni ni nani?”

Akasema, “Thora alisema ni jirani.”

Beryl, asiyejua kunyamaza, aliosha vikombe vyote, akaviosha tena.

Sikumwambia mama mkubwa kwamba umemdanganya. Nilimwambia nimelainika.

Enid


Halifax, Jumatatu, 15 Septemba 1986

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Najua hujalala vizuri, na mimi pia.

Yote uliyoandika ni kweli. Nilikwenda peke yangu miezi mitano baada ya mazishi. Nilitaka kutangulia tu, niione nyumba, nikuambie jioni. Mlango wa kwanza niliobisha ulifunguliwa na mama mkubwa. Alinitazama akasema, “Wewe ni kifunguamimba wa Annis.” Mtu hajawahi kuniita hivyo. Nyumbani kwetu nilikuwa mwenye kuwasha moto, mwenye kumfunga Enid viatu, mwenye kuambiwa “wewe mkubwa, mwachie mdogo wako.” Nilikuachia sana, Enid. Wewe hukuona, kwa sababu anayeachiwa haoni.

Unakumbuka Mama alivyoumwa? Wewe ulikuwa ukiishi naye, mimi nilikuwa navuka mji mzima kila siku baada ya kazi kuja kumchana nywele. Wiki ya mwisho alikuwa amefumba macho, akanishika akasema, “Una mikono laini, Enid.” Nikamwambia ni mimi, Thora. Akasema, “Aa.” Akauachia mkono. Hicho ndicho kilichobaki kwangu kwa Mama. Aa.

Basi siku ile mama mkubwa amenipa chai, ananitazama kama mtu anayekunywa maji. Kisha akauliza, “Na yule mdogo?” Nikaona macho yake yanakutafuta nyuma yangu mlangoni. Sijui lilinitokaje. Nikasema, “Hataki.” Neno moja tu. Nilidhani nitalifuta safari ijayo, na safari ijayo likawa zito zaidi. Picha niliikata mwaka wa harusi, kwa sababu umependeza kuliko sisi wote.

Wivu wangu kwa Beryl ulikuwa wa kweli, usidhani nilijifanya. Namuonea wivu hata sasa kwa vile vikombe alivyoosha.

Nijibu, hata kwa matusi.

Dada yako,
Thora


Halifax, Jumapili, 5 Oktoba 1986

Enid,

Natumaini u mzima popote ulipo. Plasta imetoka. Mguu umekonda kama wa kuku, lakini unanibeba.

Wiki tatu hujajibu. Jana nimekuja kwako na fimbo, nimepanda kile kilima nikipumzika kila nguzo ya taa. Pazia limefungwa. Jirani yako akaniambia, “Enid? Alirudi siku nne tu, akachukua makoti ya baridi, rafiki yake akamfuata na gari. Anakwenda kumuuguza mama yake mkubwa kijijini, kifua kimembana.” Kisha akasema, “Kwani wewe dada yake hujui?”

Nikasema najua. Nikashuka.

Kwa hiyo uko naye. Unamwashia moto, unamlaza, unasikia habari za Mama za utotoni ambazo mimi nilikuwa namtoa moja moja, Pasaka hadi Krismasi. Nilimwandikia barua mbili, hakunijibu. Macho yake mabovu, najua ni wewe unayemsomea. Umemsomea, Enid? Au ziko mfukoni mwako?

Nakaa hapa nawaza kila kitu unachokishika. Kikombe chenye ufa, bakuli la chumvi, kiti chake. Nina miaka hamsini na tisa na ninalia kwa ajili ya bakuli la chumvi. Nilikuibia miaka kumi na moja, sawa. Lakini wewe ni mwizi wa namna gani, unayeingia mchana na mwenye nyumba anakutazama?

Nisamehe. Nilikaa kukuomba radhi na hiki ndicho kilichotoka. Karatasi nyingine sina, basi naituma.

Mgonjwa anaendeleaje? Niambie hilo tu.

Dada yako


Ulgarth, Jumapili, 9 Novemba 1986

Dada Thora,

Mgonjwa anaendelea vizuri. Kifua kimefunguka, anakula, anagomba. Mimi sijambo. Nafurahi mguu unakubeba.

Barua zako mbili zilikuwa mfukoni mwangu, kama ulivyodhani. Sasa nikueleze jambo, na ukilisoma usiniombee wala usinicheke.

Jumatatu mama mkubwa aliniuliza, “Thora mbona haji? Mguu si umepona?” Nilikuwa nakoroga uji. Nikasema, “Amesema hataki.”

Neno lako lilelile. Sikulipanga. Lilitoka laini kama siagi, Thora, na sitakuficha, lilikuwa tamu. Hakulia. Alisema tu, “Haya, niondolee ile picha yake, nimechoka kuitazama.” Nikaiweka kwenye droo, nikaweka yangu. Siku nzima nikawa napita mbele ya meko bila sababu.

Jumanne utamu ukaisha, kazi ikabaki. Nilianza kumsikiliza mtu wa posta kabla hajafika. Beryl alipokuja na makaa nikamkatiza kila alipotaja Halifax. Aliniuliza, “Una nini? Unatazama kama mbwa aliyezika mfupa.” Nikamwambia ashughulike na makaa yake. Akaenda bila kuaga, na Beryl huaga hata kuku.

Jumatano nilikuwa namvalisha mama mkubwa soksi. Akasema, akiwa ananitazama utosini, “Kosa si la Thora, ni langu. Sijawaambia hata mmoja wenu. Mama yenu alirudi hapa mara moja. Asubuhi ya baridi, ametembea maili sita kutoka stesheni, na mtoto mgongoni. Alibisha. Baba akasema asiyefungua ndiye mwanangu. Nilikuwa nyuma ya mlango huu, mkono uko kwenye komeo, namsikia anavyopumua. Akamwambia mtoto, ‘Thora, piga wewe, labda wewe watakufungulia.’ Nikasikia ngumi ndogo ndogo zikibisha, chini kabisa ya ubao. Sikufungua. Ndiyo maana watoto wa Annis wananikataa, mmoja baada ya mwingine. Ni haki yangu.”

Thora, mtoto yule ni wewe. Mimi sikuwepo duniani. Maili sita alikubeba, na alipokwama ni wewe aliyekutegemea.

Nilikuwa nimeshika mguu wake mmoja una soksi, mwingine hauna. Nikamwambia yote. Yako ya mwaka sabini na tano, mkasi na picha, kisha yangu ya Jumatatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanipiga na soksi usoni.

“Wanawake wazima!” akasema. “Mnanigombania kama mkate wa mwisho, na mimi nimekaa hapa nimejihukumu kufa kwa ajili ya uongo wenu! Nani kati yenu ana akili?”

Nikasema labda Rosalind.

“Leta barua zake,” akasema.

Nikazileta, nikamsomea zote mbili, na ile uliyoniandikia mimi Oktoba nikamsomea pia, hata bakuli la chumvi. Hapo alicheka, kisha akageukia ukuta. Picha yako imerudi. Yangu haikuondoka. Rafu ni fupi, zimebanana.

Sijakusamehe. Nilidhani nikifanya kosa lako nitakusamehe, haikuwa hivyo. Nimejua tu lilivyo jepesi kulifanya. Mimi lilinishika siku tatu. Sijui ningefika wapi asingenisimulia.

Basi la Jumamosi linafika saa tano na dakika kumi, linasimama kwenye birika. Tutakuwa na nyama ya kondoo, na Beryl atakuwepo. Nimemwomba radhi, usimnunie. Lete nguo nzito. Ukitaka kuniambia lolote, tutazungumza jikoni tukimenya viazi, si mbele yake.

Jambo la mwisho. Tangu jana amekataa kiti chake kikae karibu na moto. Amenifanya nikiburute hadi nyuma ya mlango wa mbele, anakaa pale na blanketi mbili, kila nusu saa ananyoosha mkono anajaribu komeo kama linafunguka vizuri. Nimemwambia Jumamosi bado siku sita, na baridi hii itakirudisha kifua. Nimemwambia basi likifika nitakwenda mimi kukufungulia.

Amesema nikigusa komeo hilo atanivunja vidole. Wewe ubishe tu.

Mdogo wako,
Enid